Mtoto Haasiliwi Upya Kila Jumapili

Tulikuwa tumemaliza kusoma Neno, chai imeshamiminwa, na mwenye nyumba akamwomba dada mmoja atufungie kwa maombi. Ilikuwa Jumatano usiku, ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja, saa ile ambayo honi za matatu kule chini huanza kupungua. Dada huyu ni mwimbaji wa kwaya, na katika kuomba anatupita wengi wetu.

Akatikisa kichwa.

"Mnisamehe, leo siwezi. Wiki hii sikufunga, na fungu la kumi sijatoa tangu mwezi wa tatu. Mwambie mwingine."

"Ni sawa, dada," mwenye nyumba akasema, akamgeukia mzee aliyeketi karibu na mlango. Mzee akaomba, tukaitikia amina, vikombe vikazunguka.

Hakuna aliyeshangaa.

Wiki kadhaa zimepita na bado nalifikiria jambo hilo nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, nikiosha vyombo, nikiwa nimepiga magoti. Chumba kilijaa watu waliookoka zamani. Wako mle waliofundisha Warumi sura ya 8 mara nyingi. Na bado sote tulimwelewa papo hapo: kwamba kuna kipimo cha njaa na cha fedha ambacho mtu asipokifikia hana ruhusa ya kusema na Baba yake mbele ya wenzake. Tulimwelewa kwa sababu kila mmoja wetu anacho kipimo hicho moyoni.

## Orodha zetu

Kila kanisa la mji huu lina orodha yake, na nyingi hazijaandikwa popote. Kwingine ni suruali kwa wanawake. Kwingine ni hereni, nywele za kusuka, kesha la Ijumaa, mafungo ya Januari. Kuna mahali ambapo majina ya waliotuma sadaka kwa M-Pesa husomwa kwa sauti, na asiyetajwa hutazama sakafu.

Sina ugomvi na kufunga. Bwana mwenyewe alifunga, na aliposema "mfungapo" aliwafundisha wanafunzi wake namna ya kufunga. Mimi pia nafunga, na kutoa natoa. Kinachonisumbua ni mahali tulipoyaweka mambo haya. Tumeyaweka mlangoni, kana kwamba ndiyo yanayotuingiza ndani.

Orodha ya Wagalatia ilikuwa fupi kuliko yetu: tohara, na kushika siku, na miezi, na nyakati, na miaka. Waliowaletea orodha ile hawakuwakataza kumwamini Kristo. Walitaka tu kuongeza kidogo. Paulo huwa na kawaida ya kuanza barua zake kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wasomaji. Hata Wakorintho, ambao kati yao kulikuwa na mtu aliyeishi na mke wa baba yake, na ndugu walioshtakiana mahakamani, walipata shukrani zao katika sura ya kwanza kabla ya kukemewa. Wagalatia hawakupata hata mstari mmoja. Anawasalimu, anamtukuza Mungu, kisha anawaambia kwamba anastaajabu wamegeuka upesi namna hii.

Nimelifikiria hilo sana. Kanisa lililokuwa na uasherati ndani yake lilishukuriwa, na kanisa lililotaka kuwa makini zaidi na sheria ndilo lililomtia mtume hofu kuliko yote.

Mwaka 2023 nchi yetu ilikaa mbele ya televisheni ikihesabu makaburi ya msitu wa Shakahola, kule Kilifi, hadi miili ikapita 400. Watu walikuwa wamekufa kwa njaa wakitarajia kukutana na Yesu. Tulizungumza mengi kuhusu wahubiri wa uongo na kuhusu serikali, na ilikuwa haki tuzungumze. Lakini hatukujiuliza vya kutosha ni kiu gani iliyomfanya mama aamini kwamba Mungu yuko mbali, na kwamba njaa ya watoto wake ingemleta karibu. Siwalinganishi wale marehemu na ushirika wetu wa Umoja. Nasema tu kwamba mbegu ya wazo lile naitambua, kwa maana nimewahi kuisikia ikinenwa kwa upole, kwenye makanisa yenye viti vizuri na vipaza sauti.

## Muhoi

Ukoo wetu ni wa Kiambu. Zamani, juu ya ardhi ya mbari walikaa wana wa mbari, na pamoja nao walikaa ahoi. Muhoi alikuwa mtu wa mbari nyingine aliyepewa mahali pa kulima kwa sababu ya urafiki. Hakununua wala kulipa kodi. Alijenga, alioa, alizaa, na kwa heshima alimletea mwenye ardhi pombe na kumsaidia kazi zilipotokea. Aliweza kuishi hivyo maisha yake yote kwa amani.

Lakini ardhi haikuwa yake, na usiku wa manane alijua hivyo. Uhusiano ukiharibika, aliweza kuambiwa aondoke. Na serikali ya kikoloni ilipounganisha mashamba na kutoa hatimiliki katika miaka ya 1950, ahoi wengi walibaki mikono mitupu, hata wale ambao watoto wao walikuwa hawajui kwao kwingine.

Ilikuwapo njia nyingine. Mgeni aliweza kuzaliwa ndani ya mbari kwa sherehe, mbuzi akachinjwa, na tangu siku hiyo akahesabiwa mtu wa nyumba ile. Hakuitwa tena muhoi.

Sasa nikitazama jinsi wengi wetu tunavyoishi mbele za Mungu, naona ahoi. Tumepewa mahali kwa wema wake, hilo tunaliimba kila wiki. Lakini tunalima huku sikio moja liko njiani, na kila tunachompelekea ni cha kumfanya asibadili nia. Mwana mkubwa wa Luka 15 ndivyo alivyoishi katika nyumba aliyozaliwa. "Mimi nimekutumikia miaka mingapi hii," akamwambia baba yake, "wala sijakosa amri yako." Baba akamjibu neno ambalo mtumishi hawezi kuambiwa: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Yule mdogo alirudi akiwa amejiandaa kuomba kazi. Yule mkubwa alikuwa tayari ameajiriwa, kwa mawazo yake mwenyewe. Baba hakuwa na kibarua hata mmoja kati ya wanawe.

## Faili la Milimani

Jambo lililonisaidia kuliko mahubiri yote niliyosikia juu ya somo hili nililikuta katika faili la mahakama.

Rafiki yangu na mumewe waliasili mtoto wa kike, yaani walimchukua kisheria awe mtoto wao, enzi ambazo Sheria ya Watoto ya 2001 ndiyo iliyotumika, kabla ya ile ya 2022. Niliwasindikiza mara kadhaa na nikaona yaliyotakiwa. Mtoto lazima awe amefikisha angalau wiki 6, na shirika lililosajiliwa lithibitishe kwamba anaweza kuasiliwa. Akae chini ya uangalizi wa wale wanaomtaka kwa miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani. Katika kipindi hicho chote, maafisa walikuja nyumbani. Walikagua vyumba. Waliuliza habari za mishahara, za ndoa, za afya. Polisi walitoa cheti cha tabia njema. Majirani na marafiki tuliulizwa hawa ni watu wa namna gani.

Kuhusu mtoto zilikuwapo karatasi za afya na za kisheria. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliouliza kama anastahili.

Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye benchi za mahakama ya Milimani tukisubiri kuitwa, ndipo hilo liliponigonga. Waliokuwa wakichunguzwa ni wazazi. Mzigo wote wa uthibitisho ulikuwa juu ya yule anayetaka kuwa baba na yule anayetaka kuwa mama: kama wanaweza, kama wana nia, kama hawatamtupa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, hana habari. Jaji alipotoa amri, binti yule akawa machoni pa sheria sawa na aliyezaliwa nao, mwenye jina lao na haki ya kurithi mali yao.

Warumi walilijua jambo hili kwa namna yao. Paulo alipowaandikia, takriban mwaka 57, aliyekaa kwenye kiti cha enzi alikuwa Nero, na Nero hakuzaliwa na Klaudio, kaisari aliyemtangulia. Klaudio alimwasili mwaka 50, na Nero akawekwa mbele ya Britannicus, mwana wa damu wa Klaudio. Augusto naye alikuwa ameasiliwa kwa wosia wa Julius Caesar. Kwa hiyo barua iliposomwa katika nyumba za Rumi, hakuna aliyedhani kwamba aliyeasiliwa ni mwana nusu. Dunia yao yote ilitawaliwa na mtu wa aina hiyo. Mtumwa aliyekuwa akisikiliza kutoka pembeni akasikia: "Kwa kuwa hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu; bali mlipokea roho ya kufanywa wana."

Na swali la kuchunguzwa, kama Baba huyu anaweza, kama ana nia, kama hatatupa? Hilo nalo lina jibu lililo wazi mbele ya watu wote, juu ya kilima nje ya Yerusalemu. "Mungu alimtuma Mwanawe," Paulo anawaambia Wagalatia, "amezaliwa chini ya sheria, kusudi awakomboe hao waliokuwa chini ya sheria, ili sisi tupate kupokea hali ya kuwa wana." Uthibitisho ulitoka upande wake.

Binti wa rafiki yangu sasa anasoma shule ya msingi. Nyumbani kwao kuna sheria, tena kali. Akidanganya, anaadhibiwa. Asipofanya kazi yake ya shule, haendi kucheza. Ameshavunja sheria hizo mara nyingi kuliko mama yake anavyoweza kukumbuka, na hakuna siku iliyowahi kuzuka hoja ya kurudi Milimani.

Ungamo la Imani la Westminster, la 1646, ambalo sisi wa Presbiteri tumelirithi, lina sura ya 12 juu ya kufanywa wana. Ni sura yenye aya moja tu. Humo wanasema kwamba hawa Mungu huwahurumia, huwalinda, na huwarudi kama baba, ila hawatupi kamwe. Watu wale walijua kurudiwa na kutupwa ni mambo mawili. Sisi tumeyachanganya hadi kila kosa la Jumanne linatufanya tuhisi tumefukuzwa, na kila Jumapili tunakuja madhabahuni kuomba kuasiliwa upya.

## Mashaka yangu

Kuna watu wawili ambao sikuweza kuandika haya bila kuwafikiria.

Wa kwanza ni kijana aliyelelewa na mama peke yake kule Kayole, na nikisema mmoja nasema maelfu. Ukimwambia Mungu ni Baba, umemwambia nini? Baba kwake ni namba ya simu isiyoshikwa. Au ni mtu anayerudi usiku na nyumba nzima inanyamaza. Nimewahi kumsikia kijana wa namna hiyo akisema kwamba Mungu mwenye sheria anamfaa zaidi, kwa sababu sheria angalau inakuambia ufanye nini ili usipigwe.

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani lipo. Nimeendelea kusoma tu. Na nimeona kitu katika Wagalatia 4:6 ambacho nilikuwa nakipita: Mungu alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu, "aliaye, Aba, yaani, Baba." Anayelia hapo ni Roho. Kumbe kilio hicho hakisubiri kumbukumbu zangu njema za baba. Ni kilio cha Yesu mwenyewe, kile cha Gethsemane, kimewekwa ndani ya mtu ambaye kinywa chake kinashindwa kukitamka. Kijana wa Kayole hahitaji kwanza kuponywa kumbukumbu zake ndipo awe mwana. Ataanza kuwa mwana, na uponyaji utakuja kwa mwendo wake, pengine polepole sana.

Hata Paulo hasemi kwamba tumeshafika. Katika sura ile ile ya 8 ya Warumi, mstari wa 23, anasema tunaugua "tukitazamia kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu." Jina limeshaandikwa na bado tunaugua.

Mtu wa pili ni mama yangu.

## Mama

Mama ni mtu wa Uamsho, lile vuguvugu la wokovu la Afrika Mashariki. Moto ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, na miaka mingi baadaye ukamkuta yeye. Watoto wa ndugu wa Uamsho wananielewa bila maelezo: hatukucheza ngoma, hatukuvaa mapambo, hatukukopa, hatukukaa na wanywaji. Tulizijua sheria hizo kabla ya kujua kusoma.

Na siwezi kuzidharau. Baba alipookoka, pombe ilitoka nyumbani kwetu na karo ikalipwa. Kuna wanawake wengi wa kizazi cha mama ambao zile "orodha" ndizo zilizowarudishia waume zao wakiwa hai. Anayehubiri uhuru Nairobi bila kujua hilo hajui anasema na nani.

Lakini pia nimeona kilichofuata. Uganda, kufikia miaka ya 1970, walikuwapo waliojiita Abazukufu, yaani waliozinduka, wakiongozwa na Yona Mondo, waliofundisha kwamba mtu aliyeokoka hapaswi kuwa na deni, na ndugu wakagawanyika. Vuguvugu lililozaliwa kwa kulia chini ya msalaba likajikuta linapima nani amezinduka na nani bado amelala. Huku kwetu pia sharti juu ya sharti viliongezeka, na watoto wengi wa ndugu waliondoka kanisani wakidhani wanamwacha Mungu, kumbe mungu waliyemjua alikuwa mkaguzi.

Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumwona. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Nikamuuliza: "Mama, zile sheria zenu zilitoka wapi? Nani aliwapa?"

Alichukua muda.

"Hakuna aliyetupa, mwanangu. Tulikuwa tumepiga magoti, tunalia, tumeonyeshwa tulivyopendwa. Tulipoinuka, kuna vitu tulikuwa hatuvitaki tena. Basi. Hazikuwa sheria." Akapepeta ungo. "Ninyi mlizaliwa mkatukuta tumeshainuka. Tukawafundisha tusivyovitaka. Pale tulipopigia magoti hatukuwapeleka."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Hakunipa nafasi, aliendelea kusema habari za binamu yangu na shamba la chai.

## Kabla ya amri

Mimi hufundisha darasa la katekisimu kanisani kwetu. Kwa miaka yote tumeanza na Amri Kumi. Vijana wanazikariri, wanahojiwa, halafu baadaye tunafika kwa msalaba, na kufanywa wana hupata nusu saa kama muda upo. Sasa naona tulivyokuwa tukiwafundisha bila maneno: kwanza uwe hivi, kisha utakaribishwa.

Kutoka 20 yenyewe haianzi hivyo. Kabla ya amri ya kwanza kuna sentensi hii: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Walifika Sinai katika mwezi wa tatu tangu watoke Misri. Bahari ilikuwa nyuma yao. Mana ilikuwa imeshaanza kuanguka. Hakuna Mwisraeli aliyetoka Misri kwa kushika amri, kwa sababu mbao zile zilikuwa hazijachongwa. Na Katekisimu ya Heidelberg, ya 1563, inazieleza amri kumi moja baada ya nyingine katika sehemu ya tatu, ile ya shukrani, baada ya kueleza taabu ya mwanadamu na kukombolewa kwake.

Nimempelekea mwalimu mwenzangu pendekezo la kubadili mpangilio: tuanze na Luka 15 na Wagalatia 4, vijana wajue wamekuwa wa nani, ndipo tufungue Kutoka 20. Ana wasiwasi, na nauheshimu. Anasema vijana wa leo wana simu mkononi na dawa za kulevya mlangoni, na ukiwaambia wanapendwa kabla ya kuwaambia wasifanye nini, watasikia nusu ya kwanza tu. Nilimjibu kwamba nusu ya pili wameisikia maisha yao yote na wengi wao hawako tena kanisani. Hakukubali. Tumeafikiana kuufuata mpangilio mpya kwa muhula mmoja, kuanzia Januari, yeye akifundisha amri na mimi nikifundisha kufanywa wana, kisha tukae tena na wazee tuamue.